Kicheko Kilichotangulia

Picha ilikuwa safi, tena safi ya kuudhi. Niliona poda shingoni mwa baba yangu, nikaona uzi uliolegea kwenye koti lake la kuigizia, nikaona hata misumari ya ile sebule ya mbao ambayo watu waliamini ndiyo nyumba yetu. Kwenye televisheni, baba ni kijana aliyekwama dirishani. Kitandani, baba ni mifupa na shuka.

"Ongeza sauti," alisema.

Hakuwa na haja ya kujitazama. Alikuwa anamngoja mama acheke.

Enzi hizo baba alijifunza maneno yake jikoni, mama akimenya vitunguu. Kila kichekesho mama alishakisikia mara chungu nzima, na bado kilimvunja mbavu. Siku ya kurekodi alikaa viti vya mbele kati ya watazamaji, akawa anacheka kabla baba hajafika mwisho wa sentensi. Mwelekezaji alitaka kumtoa nje. Baba akasema, akitoka huyu, na mimi natoka. Basi kicheko kikabaki kwenye mkanda, kikiwatangulia wenzake. Mama tulimzika mwaka jana. Picha zake tunazo tele, ila sauti yake haikubaki popote isipokuwa pale.

Mkanda huo tuliutunza nyumbani, na ulikuwa umeanza kuota ukungu. Kampuni ya kuhamishia vipindi vya zamani kwenye diski ilipouomba, baba alinituma niupeleke mwenyewe. "Wahi, kabla na wenyewe haujafa," aliniambia. Sasa diski yenyewe ndiyo tuliyokuwa tunaitazama.

Kwenye televisheni, suruali ya baba ilichanika, akaangukia sakafuni. Mtoto wa kuigiza akaingia kwa mlango. "Baba, mlango ulikuwa wazi."

Baba wa kwenye televisheni akavuta pumzi. Hapo ndipo penyewe. Kitandani, alifumba macho.

Kimya.

"Nilijua. Nilikuwa nalipima dirisha tu," akasema yule wa kwenye televisheni.

Ndipo watu wakacheka, wote kwa pamoja kama walioamrishwa, wakanyamaza kwa pamoja.

"Mama yako hajacheka," baba alisema.

Nikarudisha nyuma. Nikarudisha tena. Mwisho nikampigia fundi wa kampuni, na baba akaning'ang'ania nifungue spika.

"Aa, yule mama wa mbele!" fundi alisema. "Alitusumbua huyo! Anawahi kila mahali. Tukaondoa sauti zote za watazamaji, tukapachika kicheko kipya. Si umesikia ilivyotulia?"

"Na mkanda wetu?"

"Ule wa ukungu? Ungeambukiza mingine, dada. Tulishauchoma."

Nilimmwagia maneno ambayo mama asingeyaruhusu ndani ya nyumba yake. Masikini hakujua kosa lake. Alifanya kazi yake, na aliifanya vizuri, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

Nilipokata simu, baba alikuwa ameugeukia ukuta. Nikakaa ukingoni mwa kitanda. Kisha baba akavuta pumzi, akasema kwa ile sauti ya kuigizia, au kwa kiasi kilichobaki, "Nilijua."

Nikaelewa anachotaka. Nikacheka. Nilicheka kwa nguvu, nikimwiga mama, machozi yakinitiririka mpaka shingoni.

Baba alinisubiri nimalize.

"Umechelewa, mwanangu," alisema. "Mwenzio alikuwa anaanza nikivuta pumzi."

Akaniomba nizime televisheni.