Sita na Nusu ya Embret

Embret Nordli hakuwa mtu wa kutulia hata siku za kawaida, na asubuhi ya kwanza ya msimu wa kuwinda elki, wale kulungu wakubwa wa kaskazini, haikuwa siku ya kawaida. Alikuwa amekalia gogo kwenye kituo chake, juu ya kinamasi, bunduki mapajani, na kifungo kimoja cha koti lake alikuwa amekifunga na kukifungua mpaka uzi ukaanza kulegea. Kituoni hutakiwi kukohoa. Hutakiwi kusimama. Na kuondoka kabla kiongozi hajapuliza pembe, hilo hata watoto wa bonde lile wanalijua: ukitembea wakati mbwa yuko kazini, ama utapigwa risasi kwa kudhaniwa mnyama, ama utafukuzwa kikosini. Lipi baya zaidi, Embret angehitaji muda kulijibu.

Mtu huyu alikuwa na penzi moja lililomtia mkewe wivu, nalo ni risasi ya milimita sita na nusu. Babu yake aliwinda nayo, baba yake pia, na nusu ya bunduki za bonde zima zililishwa hiyo hiyo: nyembamba, ndefu, haikupigi teke begani, na inaingia pale pale ulipoilenga. Embret alizijaza mwenyewe katika chumba cha nyuma, akipima baruti kwenye mizani ndogo huku amezuia pumzi. Ukimkaribisha kahawa atakusimulia habari za sita na nusu mpaka kahawa ipoe, umwagiwe nyingine, nayo ipoe.

Kisha Gudmund, kiongozi wa kikosi, akanunua bunduki mpya ya risasi nene, na tangu hapo hakumpa mwenzake amani.

"Embret, bado unawinda na sindano ya kufumia?" alimuuliza kiangazi kile, mbele ya watu, kwenye uwanja wa shabaha.

"Sindano yangu imelaza elki wengi kuliko huo mzinga wako."

"Hao walikufa kwa uzee, bwana! Wewe uliwakuta tu."

Watu walicheka, na Embret alicheka nao, lakini neno lilimkaa rohoni. Akajifungia chumba cha nyuma, akajaza risasi kadhaa kupita kipimo, za bunduki yake ya Mauser, ambayo komeo lake, kile chuma kinachoifungia risasi ndani, hung'ata kwa meno mawili na huvumilia. Ili asizichanganye na zile za kawaida, alizipaka matakoni rangi nyekundu ya kucha ya mkewe. Zile za kawaida, zisizo na rangi, zilikuwa za bintiye Sigrun, ambaye leo alikuwa anawinda kwa mara ya kwanza, na bunduki ya Krag ya babu. Komeo la Krag linateleza kama kisu kwenye siagi, wenye nayo wanaiimba kwa hilo. Lakini linashika kwa jino moja tu, na jino lenyewe lilikuwa na umri mkubwa kuliko Embret. Risasi iliyojazwa kupita kipimo ingeweza kulivunja na kulirusha komeo usoni mwa mpigaji.

Jua lilipochomoza juu ya misonobari, Embret alifanya kama kawaida yake: alichomoa risasi moja mfukoni aitazame, maana alishindwa kukaa nazo bila kuzitazama. Akaigeuza.

Haikuwa na rangi.

Akatoa nyingine. Haikuwa na rangi. Akazitoa zote, akafungua na bunduki. Hakuna hata moja iliyokuwa na rangi. Akakumbuka alfajiri ile: boksi mbili, pacha, mezani jikoni. Mkewe alizisogeza ili aweke mkate. Embret akaokota moja, akampa Sigrun nyingine huku akimbusu kipajini. Na habari za rangi nyekundu hakumwambia, kwa sababu kumwambia kungekuwa kukiri kwamba maneno ya Gudmund yalimwingia.

Huenda asipate mnyama, alijiambia. Wengi hawapati siku ya kwanza. Akaketi. Akasimama. Akamwona Sigrun akilini, amelaza shavu kwenye bunduki, jicho lake karibu kabisa na lile komeo. Akaketi tena, akauma kidole. Mbwa alikuwa akibweka mbali, upande wa mto, na huko kulikuwa salama. Kisha kubweka kukageuka. Kukapanda kilima, kukawa kunaelekea kwenye jiwe kubwa, kituo cha Sigrun.

Embret aliacha bunduki kwenye tawi, tupu, akapita nyuma ya vituo. Alianza kwa kunyata, akaishia kukimbia. Kinamasi kilimmeza mpaka magotini, akachomoa mguu, kiatu kimoja kikabaki humo. Alipofika ukingoni alimwona elki dume ametoka vichakani, amesimama ubavu mzima, na Sigrun tayari ameinua Krag begani. Embret hakuwahi kupiga kelele msituni maisha yake yote.

"Sigrun! Usipige! Usipige, mwanangu!"

Elki akatoweka, mbwa nyuma yake. Sigrun akageuka, uso mwekundu.

"Baba, una wazimu? Alikuwa amenipa ubavu wote!"

"Fungua komeo. Taratibu. Uso kando."

Risasi ikaruka, ikaangukia kwenye nyasi. Embret akaiokota kwa mikono miwili, akaigeuza. Haikuwa na rangi. Shaba mpya, imechapwa nembo ya kiwandani.

"Hii si yangu," alisema.

"Si yako."

"Zangu ziko wapi?"

Sigrun akatoa mkobani lile boksi alilopewa na baba yake. Halikuwa limefunguliwa.

"Hizi za kwenye bunduki nimenunua dukani, wiki iliyopita. Nisingekuambia, baba. Ungenuna mpaka Krismasi."

"Lakini kwa nini?"

Akasita. "Kiangazi nilipita chumba cha nyuma, nikakuta unajaza huku unagombana na Gudmund. Gudmund mwenyewe hayupo. Unamtukana, unamimina baruti, unamtukana tena. Nikasema, huyu baba yangu nampenda, lakini risasi zake za mwaka huu sizitaki karibu na macho yangu."

Embret akakaa chini na soksi yake moja yenye tope, akalia bila kujificha. Aliumia, na alishukuru, na hakuweza kuyatenganisha.

Pembe ikalia. Gudmund akaja amefura.

"Nani aliyepiga kelele kwenye msako wangu?"

"Ni mi—" Sigrun alianza.

"Nyamaza, mwanangu. Ni mimi. Nilijaza risasi kwa hasira, kupita kipimo, nikampa yeye kwa makosa. Bahati ana akili. Ameweka za dukani."

Gudmund alifungua mdomo atanie, akatazama lile boksi, akaufunga.

"Sheria unaijua, Embret."

"Naijua. Naenda nyumbani."

Alikuwa amefika barabarani, anachechemea, msako wa pili ulipoanza. Kila mbwa alipobweka alisimama. Kisha mlio ukaja kutoka upande wa jiwe kubwa, mmoja, mkavu, wa sita na nusu. Zamani angetabasamu kwa mlio kama ule. Sasa alisimama katikati ya barabara, pumzi ameizuia, akingoja kusikia sauti ya mwanawe.

"Elki amelala!" Sigrun alipiga kelele kule juu. "Amelala!"