Skana Mpya na Uso wa Valbai

Skana ya Studio Jyoti ilikata roho asubuhi, chai ikiwa bado ya moto. Haikuaga. Ilikoroma kidogo, taa iliyokuwa ndani ya kifuniko chake ikapepesa, kisha giza. Na chini ya kifuniko hicho, kwenye kioo, ilikuwa imelala negativu ya picha ya Valbai.

Kundanben aliipiga kofi ubavuni, kwanza kwa upole, kama mtu anayemwamsha mgeni, kisha kwa hasira. Mumewe, Jentilal, akainua macho kutoka kwenye kisahani cha chai alichokuwa akikipuliza.

"Mama Hetal, kofi halijawahi kutengeneza kitu humu ndani."

"Wewe nilichelewa tu kuanza," alisema Kundanben, na akaipiga tena.

Siku nyingine wangecheka wote wawili. Lakini siku hiyo Kundanben alitaka kulia, kwa sababu Devshi alikuwa anaoa wiki ileile, na Valbai alikuwa mama yake Devshi, na Devshi hakuwahi kuiona sura ya mama yake.

Yaani aliwahi kuiona, lakini alikuwa mtoto wa kubebwa. Tetemeko lilipoipiga Bhuj, mji wao, Valbai alibaki chini ya ukuta wa jikoni, na nyumba nzima, pamoja na sanduku la albamu, ikawa kifusi. Baba yake, Ravji, alifuata miaka michache baadaye kwa maradhi ya figo. Sura ya Ravji ilipatikana kwenye leseni yake ya udereva, ikakuzwa, ikatundikwa ukutani na shada la maua. Valbai hakuwa na leseni wala kitambulisho chochote. Karibu na msumari wa Ravji kulikuwa na msumari wa pili, mtupu, na Puribai, dada yake Ravji aliyemlea Devshi, kila alipopangusa vumbi picha ya kaka yake aliupangusa na ule msumari.

Na mzazi aliyekufa hakosi arusi ya mwanawe. Picha yake huvishwa maua, ikawekwa juu ya kiti karibu na moto wa ndoa, na maharusi huinama mbele yake kuomba baraka kama wanavyowainamia wazazi walio hai. Devshi alikuwa amejiandaa kuinama mbele ya kiti kimoja. Ni kwa kubahatisha tu, alipokwenda studio kuagiza mpiga picha wa arusi, ndipo alipouliza kama labda, basi tu, labda, kuna kitu cha zamani.

Kilikuwepo. Baba yake Kundanben, aliyeifungua studio hiyo, alikuwa bahili wa kutupwa. Hakutupa negativu hata moja. Alizipanga ndani ya madebe ya samli na kuyapeleka shambani kwa shemeji yake, ambako tetemeko halikuyagusa. Katika debe mojawapo Kundanben alikuta bahasha iliyoandikwa kwa mkono wa marehemu: mke wa Ravji, dereva wa lori. Ndani yake, filamu moja pana ya kizamani, na mwanamke mmoja aliyegeuzwa rangi, uso mweusi, nywele nyeupe. Ukiitazama negativu hivyo, hata mama yako mzazi humtambui.

Sasa skana imekufa. Chumba cha giza cha kusafishia picha kilikuwa ghala la vitunguu tangu zamani, na dawa zake haziuzwi tena mjini. Jentilal alijaribu kuibandika filamu dirishani na kuipiga kwa simu; uso ukatoka kama uji uliomwagika. Fundi alikuja, akaifungua ile skana, akaifunga, akanywa chai.

"Taa ya kifuniko hiki haipatikani tena, mama. Nunueni nyingine."

Wakaenda kununua. Jentilal alifuatana na mkewe ili, kwa maneno yake mwenyewe, mfuko wa nyumba uwe na mlinzi.

Mwenye duka la vifaa vya ofisi, Hasmukh, alikuwa na ulimi mtamu kuliko jalebi. Aliwatolea skana nyembamba kama sinia, nyeusi, inang'aa.

"Hii ndiyo ya kisasa, mama. Ina nukta nyingi ajabu. Ukiskani chapati utahesabu mashimo."

Jentilal aliinyanyua kwa mkono mmoja, akaridhika papo hapo. Kundanben hakuinyanyua. Alifunua kifuniko, akapitisha kidole kwenye plastiki nyeupe ya ndani.

"Taa ya huku juu iko wapi?"

"Taa iko chini, mama."

"Ya chini naijua, hiyo ni ya karatasi. Filamu ni kama dirisha, mwanangu. Mwanga usipotoka upande wa pili, utaona nini? Hii nikiiwekea filamu itanitolea makaa."

Hasmukh akakuna kichwa, akaleta ya pili, kijisanduku cha filamu peke yake, taa kinayo, kila kitu kinacho. Kundanben alitoa mkobani kipande cha filamu tupu yenye upana uleule wa ile ya Valbai, akakisogeza kwenye mdomo wa kile kijisanduku. Hakikuingia. Kijisanduku kile kilitengenezwa kwa filamu ndogo za kamera za watalii.

"Kwani haiwezi kupunguzwa kidogo pembeni?" aliuliza Jentilal.

Kundanben alimtazama. Jentilal akaanza kusoma bei za wino.

Ndipo macho ya Kundanben yakapanda hadi rafu ya juu nyuma ya meza. Sanamu ndogo ya mungu Ganesha ilikuwa imekaa pale na ubani wake na maua yake ya asubuhi, na kilichokuwa chini ya Ganesha kilikuwa kipana, kizito, cha rangi ya kijivu, na kilikuwa na kifuniko kinene kama godoro la mtoto.

"Hiyo je?"

"Aa, hiyo ni ya siku nyingi, mama. Mteja aliagiza kisha akaghairi. Mashine ni nzima kabisa, lakini nani ana meza ya kuiweka? Sasa ni kiti cha Bwana."

"Mwombe Bwana asogee."

Hasmukh alisita. Mungu hahamishwi hovyo, hasa msimu wa biashara. Alivua viatu, akaunganisha viganja, akanong'ona maneno, kisha akamhamishia Ganesha juu ya ile nyembamba ya kisasa, na duka zima likaona kwamba pale napo panamfaa. Mashine ikashushwa na wanaume wawili, ikapanguswa majivu ya ubani. Kundanben akafunua. Ndani ya kifuniko kulikuwa na kioo kirefu, na nyuma ya kioo taa. Kwenye mfuko wa plastiki, fremu za kushikia filamu, ndogo na pana. Kipande chake kikaingia kwenye fremu pana bila kusukumwa. Walipoiwasha, mstari wa mwanga ulipita juu taratibu kutoka upande hadi upande, na Kundanben akashusha pumzi aliyokuwa ameishika tangu asubuhi.

"Hii hapa."

"Mama Hetal, hili ni jiko," alisema Jentilal.

"Basi utalibeba kama jiko."

Alilibeba. Njia nzima alilalamika juu ya kiuno chake, na njia nzima Kundanben alimsifu, maana alikuwa na furaha na furaha haimgharimu mtu.

Walipofika studio, Kundanben hakutaka kusoma karatasi ya maelekezo. Aliitumia kufunikia kikombe cha chai. Mikono yake ilikuwa imefanya kazi hiyo miaka nenda miaka rudi, inajua: upande unaong'aa wa filamu juu, upande uliofifia chini, bana, funika. Mashine ikanguruma. Kwenye kompyuta weupe ukawa weusi na weusi ukawa weupe, na mwanamke kijana akatokea, kichwa amekifunika sari, unyusi mmoja umepanda kidogo kana kwamba mpiga picha amemwambia jambo ambalo halimwingii akilini. Sari imekata kifua hadi bega la kushoto. Nyuma yake, pazia la studio lililochorwa ngazi za kasri.

"Karibu, bibie," Kundanben alimwambia, na machozi yakamtoka bila kuombwa. Akamsafisha vumbi doa kwa doa, akamchapisha kwenye karatasi nzuri, akampigia simu Devshi.

Devshi alikuja na shangazi yake. Puribai alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye sauti ya kuita watu kutoka shamba la pili. Devshi aliipokea picha kwa mikono miwili. Aliitazama, kisha akamwonyesha Puribai.

"Ndiye, shangazi?"

Puribai aliisogeza picha mbali, akaisogeza karibu. Akavaa miwani. Akaivua.

"Siye."

Jentilal aliyekuwa akimimina chai alisimama na birika hewani.

"Dada, tazama vizuri," alisema Kundanben. "Bahasha ina jina la kaka yako."

"Bahasha haivai sari. Wifi yangu hakuvaa hivi. Pindo letu linatoka mgongoni, linapita bega la kulia, linashuka kifuani, kama hili langu. Huyu pindo liko kushoto kama mtangazaji wa televisheni."

"Labda siku hiyo alitaka mtindo," alisema Jentilal.

"Mbele ya mama yangu? Mama yangu aliwahi kususa chakula siku mbili kwa sababu ya kilemba cha mpishi! Mkwe wake avae sari upande na picha ipigwe?" Sauti yake ilishuka ghafla. "Na huu uso... unamkaribia. Unamkaribia sana. Unaniumiza kwa kumkaribia. Lakini kuna kitu kimekaa sivyo. Huyu ni wa watu wengine. Mwanangu hatamwinamia mke wa mtu siku ya arusi yake. Heri msumari wetu mtupu."

Devshi aliiweka picha mezani taratibu. Alijaribu kutabasamu, na hilo ndilo lililomuumiza Kundanben kuliko yote.

"Si kitu, mama. Umehangaika sana. Twende, shangazi."

Kundanben aliitazama tena ile bahasha. Baba yake alichanganya bahasha, basi. Bahili yule, na madebe yake! Amempa mtoto yatima mama kwa dakika moja, kisha amemnyang'anya. Alimtazama Puribai akijitanda sari, pindo likishuka kutoka bega la kulia. Akajitazama mwenyewe kwenye kioo cha wateja: pindo lake bega la kushoto. Alivaa hivyo tangu usichana, binti yake alivaa hivyo, nusu ya mabibi arusi aliowapiga picha walivaa hivyo siku hizi. Ndiyo maana jicho lake lilipita juu ya sari ile bila hata kujikwaa.

Akaiokota picha. Akaacha kumtazama mwanamke, akalitazama pazia.

Zile ngazi za kasri alizijua kuliko ngazi za kwao. Utotoni alikaa chini yake akingoja baba amalize wateja, akizipanda kwa kidole, moja moja, kuelekea dirisha la studio, mkono wa kulia. Kwenye picha zilipanda kushoto.

"Jamani! Kaeni!" alipiga ukelele hadi Jentilal akamwaga chai. "Asitoke mtu! Nimemgeuza! Masikini mimi, nimemgeuza mwenyewe!"

"Umemgeuza nani?" aliuliza Puribai.

Kundanben alifunua kifuniko, akachomoa fremu, na pale pembeni paliandikwa wazi, kwa mshale na mchoro, jambo ambalo mtoto angelielewa: upande unaong'aa chini. Skana ya zamani ilitaka juu, hii mpya inataka chini, na mikono yake haikuuliza. Akaigeuza filamu. Jentilal akaja kumshikia fremu.

Mwanga ukapita taratibu. Mwanamke yuleyule akapanda kwenye kioo cha kompyuta, pindo la sari likishuka kutoka bega la kulia, ngazi zikipanda kulia, unyusi wa kulia umepanda.

Puribai alisogea hadi pua yake ikakaribia kugusa kioo.

"Wewe!" alisema, kwa sauti ileile ya shamba la pili. "Wewe, ulikuwa wapi? Mtoto ameota meno, amesoma, anaoa, ndiyo unafika sasa?"

Kisha akaketi sakafuni, akalia na kucheka kwa pamoja, na Kundanben akaketi naye, akamshika, wote wawili wakapangusana machozi kwa mapindo yao, la kulia na la kushoto. Kundanben alijisikia mwepesi. Mashine haikumdanganya, baba yake hakumdanganya, na bahasha ilikuwa ya mwenyewe.

Devshi alikuwa bado amesimama. Kidole chake kilikuwa kwenye uso wake mwenyewe, juu ya jicho la kulia.

"Shangazi. Huu unyusi."

"Wake."

"Hukuniambia hata siku moja."

"Ningekuambiaje?" Puribai alivuta kamasi. "Unakumbuka ulivyokuwa mtundu? Kila nilipoinua mkono nikuchape, unyusi ule unapanda. Ningempigaje wifi yangu? Ndiyo maana umekua bila kiboko, na inaonekana."

Devshi alicheka, na kicheko kikavunjika katikati, akainama. Hakungoja moto wala maua. Aliinama palepale mbele ya kompyuta, mikono yake ikagusa ukingo wa meza kama mtu anayegusa miguu ya mama yake. Jentilal alisogeza birika lisiwe njiani.

Baadaye walipokuwa wakila adadiya, vitamu vya samli, ambazo Puribai alikuwa amezificha mkobani, maana hakutaka kuzitoa kabla hajawa na hakika, Kundanben aliuliza fremu iwe ya ukubwa gani.

"Kubwa," alisema Puribai. "Ya mbao nzito. Msumari ule utahimili, mimi naujua."