Boila Aliyoifunga Emlyn

Siku ya tatu bila maji ya moto, Glenys Prosser alipanda ngazi na birika mkononi kwa mara ya nne asubuhi hiyo, akamimina maji kwenye beseni, akaanza kumsugua mumewe mgongo. Mikono ilimuuma mpaka mabegani. Nje mvua ya Februari ilikuwa imeyafunika mapaa yote ya mji wa Aberdare, na ndani baridi ilikuwa kali hata pumzi zilionekana.

Emlyn alikuwa fundi bomba kwa miaka arobaini. Miaka mitatu iliyopita kiharusi kilimlegeza upande wa kulia, kikamwachia maneno machache, nayo huja yakitaka. Boila ya jikoni, mtambo unaochemsha maji ya nyumba nzima, aliifunga mwenyewe, pamoja na tangi la shaba la kuhifadhia maji ya moto lililo kwenye kabati la ghorofani, mwaka aliozaliwa binti yao Rhian. Rhian sasa ana miaka thelathini na minne. Tangu Emlyn augue, boila hiyo ilishazimika mara tano, na kila mara Glenys alimwita fundi Carys aje kuifufua.

Carys alifika saa nne. Ufundi alifundishwa na Emlyn. Siku hizi ana gari lake la kazi, na mvi zake pia. Alipiga magoti mbele ya boila, akafungua kifuniko, akachungulia ndani.

"Bi Glenys, safari hii sikudanganyi," alisema mwishowe. "Feni imekufa, na feni za aina hii hazitengenezwi tena. Naweza kutafuta iliyotumika. Itakufikisha Pasaka, labda."

"Au?"

"Au tuing'oe. Halafu uamue: boila mpya yenye tangi, au ile inayochemsha maji papo hapo ukifungua bomba, tangi tukalitupa."

"Ipi nzuri?"

"Inategemea unavyotaka."

Glenys alitamani kumrushia kitambaa cha vyombo. Wote walimwambia hivyo hivyo, daktari kuhusu dawa, Rhian kwenye simu kuhusu kuuza nyumba. Hakuna aliyemuuliza kama bado anazo nguvu za kutaka kitu.

"Tafuta hiyo feni."

"Hii ni mara ya sita, Bi Glenys."

"Kuhesabu najua."

Carys akajifuta mikono. "Ni kwa ajili yake, siyo?"

Glenys alitazama dirishani. "Ni kazi ya mikono yake. Akiona inabebwa kwenda jalalani..."

"Umemuuliza?"

"Nimuulize vipi? Jana chai aliiita Jumanne."

Juu kukasikika mlango ukigonga ukuta. Walipanda mbio. Emlyn alikuwa amesimama peke yake mbele ya kabati, akiwa na nguo za kulalia, fimbo mkononi.

"Emlyn! Unataka kuniua?"

Hakugeuka. Aliliegemea tangi kwa bega, kisha akashusha fimbo taratibu hadi chini yake, akabonyeza. Ncha ya fimbo ikazama kwenye ubao wa sakafu kama inaingia kwenye mkate uliolowa.

Carys alichuchumaa na tochi. "Mungu wangu! Limevuja siku nyingi, ubao wote umeoza. Wiki chache tu lingetua jikoni. Mzee, umejuaje?"

Emlyn akagusa pua yake, akanusa. Kisha akakunja uso, akilitafuta neno. "Toa," alisema.

"Tangi?"

"Toa. Yote. Takataka." Akaonyesha kwa kidole chini, kwenye boila.

Glenys alimkodolea macho. "Emlyn Prosser! Siku tatu nabeba birika nikidhani nitakuvunja moyo!"

"Mjinga," alisema Emlyn, na upande mmoja wa uso wake ukacheka.

"Mjinga nani?"

Akamnyooshea yeye kidole. Akafikiri kidogo, akajinyooshea na mwenyewe. Carys alicheka mpaka akakaa sakafuni. Glenys naye alicheka, lakini kicheko kikamgeukia kilio, akajikuta ameketi kwenye ngazi. Carys aliinuka akamshika Emlyn asianguke, wakamwacha alie.

Glenys alipotulia, Emlyn alikuwa tayari bafuni amefungua bomba la maji ya baridi. Maji yalitoka kwa mkondo mwembamba. Alitikisa kichwa.

"Kweli, presha ya maji huku juu ni ndogo," Carys alisema. "Bila tangi, beseni la kuogea litajaa kesho. Kwa hiyo tangi jipya?"

"Tangi," alisema Emlyn.

Basi, jambo likaamuliwa. Glenys alihisi kama mtu aliyepokelewa mzigo sokoni.

Kazi ilichukua siku mbili. Emlyn alikaa jikoni amevaa koti, na kila Carys alipopindisha bomba vibaya aligonga sakafu kwa fimbo. "Nimekusikia, Mzee, nimekusikia!" Boila ya zamani ilipobebwa nje, alikuwa anakula mkate wa kuchoma na siagi. Glenys alimchunguza usoni akitafuta huzuni. Hakuiona.

Ijumaa alasiri maji yakawa moto. Glenys alijaza beseni la kuogea, akamwita mumewe. Emlyn akakataa.

"Wewe," alisema.

"Na nani atakaa nawe?"

"Mimi nipo," Carys aliitikia kutoka chini. "Chai yangu bado ya moto."

Glenys aliingia, akafunga mlango kwa komeo, jambo ambalo hakuwa amethubutu kulifanya kwa miaka mitatu. Alijilaza mpaka maji yakamfika kidevuni. Chini alimsikia Emlyn akipaza sauti neno ambalo hakulielewa, na Carys akimjibu. Akasikiliza kidogo. Kisha akafumba macho, hakuinuka kwenda kumtazama.