Unga Uliobaki Kwenye Mashine

Unga wa mtoto uliisha Alhamisi asubuhi, na Judith alikuwa bado Bunda.

Matrida aliukung'uta ule mfuko, akaugeuza ndani nje, akaukung'uta tena. Akapata unga wa kutosha uji wa kikombe kimoja. Akaupika kwenye sufuria iliyofungwa kamba nyekundu, ile isiyopikiwa mtu mwingine, akamsimamia mjukuu wake Happyness mpaka akamaliza. Ndipo akapiga simu.

"Mama, dagaa hazijaisha," Judith alisema. Nyuma yake wapiga debe wa stendi walikuwa wanashindana kelele. "Soko la huku wiki hii limelala. Nitarudi kesho. Udaga unao?"

"Upo ghalani, mihogo yote imekauka kabisa."

"Basi saga. Lakini, mama, kwenye mashine ukae nyuma ya mtu wa udaga mtupu. Usimfuate mtu wa unga wa lishe. Umenisikia?"

"Nimekusikia. Mimi si mtoto."

"Najua, mama. Ila ni mara ya kwanza kumwacha kwako. Akikaa salama, likizo zote atakujaga. Akipatwa na jambo sitaweza tena, hata Werema aseme nini."

Werema ni mtoto pekee wa Matrida, mume wa Judith, na yuko mgodini. Happyness ndiye mjukuu pekee. Kwa miaka mitatu Matrida alikuwa anapanda gari kutoka Butiama hadi Musoma, anafika kwa Judith, Iringo, anakaa kwenye kochi kama mgeni, anamwona mtoto saa mbili, anarudi. Yote kwa sababu ya chakula. Ngano ilimpa mtoto tumbo la kuendesha mpaka akabaki mifupa. Karanga ilikuwa mbaya zaidi. Akiwa na miaka minne alilamba kijiko tu cha mboga iliyoungwa karanga, midomo ikavimba, koo likabana, pumzi ikawa inapiga mluzi. Madaktari walimpima, wakamwambia Judith vitu hivyo viwili visimguse maisha yake yote.

Judith aliviandika kwenye karatasi, vyakula, dawa na sindano, akaibandika ukutani kwa mkwewe. Matrida aliishia darasa la saba, lakini kusoma hakumshindi. Kila asubuhi aliisoma ile karatasi, kidole kikifuata mstari.

"Magonjwa ya mjini hayo," jirani yake Sara alimcheka siku ya pili. "Sisi karanga tumeanza kuzila tumboni mwa mama zetu. Mpe mtoto ale azoee."

"Akizoea kaburi utamtoa wewe?" Matrida alimjibu.

Siku hiyo ya Alhamisi Matrida aliosha ndoo kwa sabuni na maji ya moto, akaianika juani mdomo chini, akaifuta kwa kanga safi, ndipo akatia udaga. Kwenye mashine ya Mugeta aliwakuta wanawake wanne. Hakuona aibu kumwuliza kila mmoja amebeba nini. Wa kwanza alikuwa Sara, na ndoo ya lishe. Wa pili na wa tatu walikuwa na mahindi. Wa nne alikuwa na udaga, udaga mtupu. Matrida akaweka ndoo yake nyuma ya huyo wa nne, akakaa juu ya jiwe.

Mugeta alitoka nje, nyusi nyeupe kwa unga. "Haki ya Mungu! Mama Werema na magoti yake anakaa kwenye foleni, na nyie mabinti mnamtazama tu? Mpisheni."

Wakampisha wote, wakicheka na kumwamkia. Mugeta akaibeba ndoo mwenyewe. Sara alikuwa ndiyo kwanza anafunga unga wake. Matrida alinyanyuka taratibu, akiitikia marahaba kulia na kushoto, na moyo wake ukafurahi, kwa maana ilikuwa siku nyingi hajapishwa mahali. Kuna kitu kilimgusa kidogo, kama mtu aliyetoka nyumbani akihisi ameacha jiko likiwaka. Lakini mashine ilikuwa inanguruma tayari, na mmoja wa wale mabinti alikuwa anamwuliza dawa ya magoti. Kile kitu kikapita.

Saa saba na nusu ugali ulikuwa mezani, na sato wa mchuzi aliyeletwa kutoka ziwani Mwigobero. Mzee Stanislausi, mumewe, alikuwa na sahani yake, Happyness na yake. Mtoto alikuwa na njaa. Alimega tonge, akachovya, akala. Akamega la pili.

"Hodi!" Ilikuwa sauti ya Sara, na haikuwa ya heri. Aliingia na bakuli tupu mkononi. "Mama Werema, nimekuja kuchukua unga wangu."

"Unga gani? Kwanza karibu chakula."

"Sikaribii. Nilipeleka kilo tano za lishe, nimepima nyumbani ni nne na robo. Ule mwingine umebakia kwenye mashine, na aliyenifuata ni wewe na uzee wako wa kupishwa. Nipimie changu. Nimeweka ngano ya kununua mle, nimeweka karanga nzuri za—"

Matrida hakusikia karanga za wapi. Aliruka. Magoti yale yale ya foleni yaliruka juu ya kigoda, akaushika mkono wa mtoto tonge la tatu likiwa kwenye midomo, akalipiga likaanguka.

"Tema! Tema, Hepi! Tema yote!"

Mtoto alitema akilia. Matrida akamsukutua kwa maji ya kikombe, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, akamfuta mikono hadi kwenye kucha.

"Bibi, ulimi unaniwasha."

Sara alisimama pale pale na bakuli lake. "Mimi nilikuwa nadai tu," alisema, sauti imekuwa ndogo.

"Kimbia barabarani usimamishe pikipiki! Kimbia!"

Sara akakimbia, hata bakuli hakuliacha. Matrida alimnywesha mtoto dawa ya maji aliyoiacha Judith, kijiko kimoja kama ilivyoandikwa, akaibandua karatasi ukutani na chokaa yake. Walipokuwa kwenye pikipiki, mtoto katikati, alisikia mgongo mdogo ukipanda na kushuka kwa nguvu kifuani pake. Kisha akausikia ule mluzi. Hakuwa amewahi kuusikia, alikuwa amesimuliwa tu, lakini aliujua.

"Vuta taratibu, mjukuu wangu. Vuta. Toa. Tumefika, unaliona geti lile? Vuta."

Hospitalini, muuguzi aliisoma karatasi kwa jicho moja, jicho lingine likiwa kwa mtoto ambaye midomo yake ilikuwa imefura. Hakuuliza la pili. Sindano ikaingia pajani. Matrida alishika miguu ya mjukuu wake, akaangalia ukuta, akahesabu pumzi. Alipofika mia moja na kitu mluzi ulipungua. Alipoacha kuhesabu, mtoto alikuwa anaomba maji.

"Tutakaa naye mpaka jioni, pengine mpaka kesho," muuguzi alisema. "Hali hii inawezaga kurudi."

Mzee Stanislausi alifika akitokwa jasho. Alimtazama mtoto, akashusha pumzi, akamvuta mkewe pembeni.

"Mama Werema, usimpigie Judith."

"Kwa nini?"

"Si amepona? Mwambie alipata homa kidogo, tukamleta. Ukimwambia la mashine, mtoto huyu hutamwona tena. Unamjua mkweo."

Matrida alimjua. Aliliona lile kochi la Iringo, alijiona amelikalia, mkoba mapajani. Akaitoa simu.

"Usinikoseshe mjukuu," mzee alisema.

"Daktari wa kesho akiambiwa homa, atatibu homa," Matrida alisema, akabonyeza.

Judith alifika saa kumi na moja, dagaa amemwachia mwenzake sokoni, ndala zimejaa vumbi. Hakusalimia. Alimgusa mtoto shingo, midomo, akamwekea sikio mgongoni akasikiliza kwa muda mrefu. Kisha akageuka, macho makavu.

"Niambie tangu mwanzo, mama. Usiruke kitu."

Matrida akaanzia kwenye kuosha ndoo. Akamwambia sabuni, maji ya moto, kanga. Akamwambia wale wanawake wanne na walichobeba. Hapo angeweza kusema Mugeta alimchanganyia, na ingekuwa kweli kwa nusu.

"Walinipisha," alisema. "Nilikuwa nimekaa mahali pangu sahihi, wakanipisha, nikafurahi. Kwa ile furaha nikakusahau wewe na maneno yako. Ni mimi."

Mtoto alijigeuza kitandani.

"Mwaka jana baba yake alimpa andazi," Judith alisema. "Akaniambia ni malaria. Siku nne nilimtibu malaria." Akavua ndala, akakaa kwenye ukingo wa kitanda. "Kesho akiruhusiwa naondoka naye, mama. Likizo hii imeisha."

"Sawa, mwanangu."

"Desemba nitamleta mwenyewe. Nitakaa siku mbili za kwanza, na tutaenda wote kwa huyo Mugeta."

Matrida alisogea, akampa nafasi akae vizuri, wakawa wawili wanamwangalia mtoto akivuta pumzi.