Dhamana ya Redio ya Tata Kisimba

Tusidanganyane hapa: redio ya Tata Kisimba haikuwa na ugonjwa wowote. Ilisema, iliimba, ilishika hata stesheni za upande wa Zambia, na kile kijitaa chake cha pembeni kiliwaka vizuri tu. Lakini kila Alhamisi asubuhi mzee alivaa shati la mikono mirefu, akapiga viatu rangi, akaitia redio katika karatoni yake na kutoka Dilala kwa miguu hadi mjini, kwenye duka alikoinunua. Vijana wa pikipiki za taxi-moto walimwita njia nzima, "Tata, panda!", naye akawapungia mkono. Hakuwa na haraka. Haraka ya kwenda wapi, jamani, mtu ambaye nyumbani kwake hakuna hata wa kumuuliza ametoka wapi?

Alikuwa mgane. Miaka thelathini na mmoja alikuwa mtunza bohari wa kampuni ya migodi, akifungua na kufunga milango kwa funguo zake mwenyewe, kisha pensheni, kisha Domitille mkewe akafa. Mtoto wao mmoja, Guelord, alikuwa Kisenge kwenye migodi ya manganizi, na alipiga simu Mwaka Mpya na siku nyingine akikumbuka. Hakukumbuka mara nyingi.

Nyuma ya lile duka kulikuwa na chumba cha dhamana, wenyewe wanakiita chumba cha garantie. Kilikuwa na benchi refu la mbao, na watu walikaa hapo wamepakata vitu vyao vibovu kama akina mama wenye watoto kwenye zahanati. Mbele yao, kwenye meza ya bisibisi na daftari, alikaa binti aitwaye Rachelle.

"Tata, leo iko na nini?"

"Iko inakoroma, mutoto wangu."

Rachelle aliiwasha, akasikiliza, akaizima. "Aina kitu, tata." Halafu akaandika daftarini: hakuna kosa. Wiki nyingine redio ilichelewa kuamka. Wiki nyingine ilinung'unika mvua ikikaribia. Hakuna kosa, hakuna kosa, ukurasa mzima. Binti alijua, jamani, msimwone mjinga. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, naye alinyamaza.

Sasa, Tata Kisimba alikuwa na jambo moja ambalo wengi wetu hatuna: alikuwa ameisoma karatasi ya dhamana. Sisi wengine tunaipokea, tunaikunja pamoja na fakitire, ile risiti ya kununulia, tunaisukumia chini ya godoro, na tunaikumbuka siku moshi unapotoka. Yeye aliisoma kwa miwani, kifungu kwa kifungu, kama alivyozoea kusoma hati za bohari. Basi pale benchini akawa anawasomea wenzake.

"Mama, fakitire iko wapi? Bila fakitire bataamini namna gani ulinunua hapa? Na weye, ndugu, namba hii ya nyuma ya simu umeikwangua na kisu?"

"Niliandika jina yangu, tata, juu ya bezi."

"Mwizi utamukamata, lakini garantie umeiua. Namba njo kitambulisho ya simu. Na ninyi bote musikie: umeme ikikuja na nguvu ikaunguza kitu, kiwanda haimo. Nunueni stabilisateur, ipunguze ile nguvu."

Watu wakaanza kumwita Avocat, yaani wakili. Walimsogelea yeye kwanza ndipo waende kwa Rachelle, na mzee akavimba kwa furaha. Angeacha hata kula, lakini si Alhamisi.

Ila furaha ya namna hiyo inapanda kichwani. Siku moja akaja Mama Odile, muuza samaki wakavu wa Musonoi, amebeba televisheni aliyoifunga kwa kitenge. Ilikuwa imezimika mwezi wa nne tu tangu inunuliwe, na shemeji yake akaifungua kujaribu kuitengeneza. Tata Kisimba akaigeuza, akaona kibandiko cha kiwanda juu ya skrubu kimechanika, akacheka kidogo.

"Hapa umekwisha, mama. Kibandiko hiki kikipasuka, kiwanda inanawa mikono. Sheria ni msumeno."

Benchi zima likacheka. Mama Odile akajipangusa macho kwa ncha ya kitenge, akaondoka. Avocat hakumfikiria tena. Alikuwa na shida yake mwenyewe: dhamana ya redio ilikuwa ya mwaka mmoja, na mwaka una Alhamisi hamsini na mbili tu. Zake zilibaki moja. Ijumaa inayofuata karatasi ingekuwa karatasi tu, na mtu hawezi kukaa benchi la wagonjwa bila mgonjwa.

Aliisoma tena, akakwama kwenye kifungu cha tisa: kifaa kikiharibika kwa kosa la kiwanda, mteja atapewa kipya, na kipya kitaanza mwaka wake upya. Akakisoma mara nne. Jumatano mchana akateleka birika juu ya mbabula ya makaa, akakishikilia kibandiko cha redio kwenye mvuke mpaka kikalegea chenyewe. Huyo ni mtunza bohari, mihuri anaijua. Akafungua kifuniko, akakata waya mmoja mwembamba, akafunga, akakirudisha kibandiko mahali pake. Kisha akabonyeza kuwasha.

Kimya. Sauti pekee iliyokuwa ikimsemesha asubuhi, ameiua kwa mkono wake. Akaiomba msamaha, kweli nawaambia, akiwa amesimama pale jikoni na kisu mkononi.

Alhamisi Rachelle aliiwasha redio, haikuitika. Akainua macho kwa mshangao, akaigeuza, akapitisha kidole juu ya kibandiko kilichokunjamana pembeni. Akafungua. Akautazama waya kwa muda mrefu.

"Tata," akasema chinichini, "hii ni kisu."

Mzee akaivuta karatoni karibu yake.

"Mi nitaandika kosa ya kiwanda," Rachelle akanong'ona. "Patron wa duka haangaliangi redio za kidogo. Utapata ingine ya mupya, na mwaka ingine."

Mwaka mwingine! Tata Kisimba akaanza kuhesabu. Alhamisi hamsini na mbili, benchi, "Avocat, nisomee na mi." Alikuwa anatafuta neno la shukrani aliposikia mtu akikohoa nyuma yake. Akageuka. Mama Odile alikuwa kwenye ncha ya benchi iliyo karibu na meza, na televisheni yake ndani ya kitenge, amerudi kwa mara ya tatu kuomba huruma. Alikuwa amesikia kila kitu, na alimtazama tu.

Mzee angeweza kugeuza uso. Wangapi wangegeuza? Lakini yeye ndiye aliyemwambia mama yule sheria ni msumeno, tena kwa kicheko. Akapiga moyo konde.

"Apana, mutoto wangu. Usiandike vile. Andika: mwenyewe njo alifungula. Mwenyewe njo alikata waya."

Alisema kwa sauti, na chumba kizima kikamsikia.

"Eh! Avocat!" mmoja akapiga makofi, wakaangua kicheko. Mama Odile hakucheka.

"Juu ya nini, tata?" akauliza. "Weye mwenye kutufundisha?"

"Juu ya kesho garantie inaisha, mama. Ikiisha, mi sina njia ya kuja hapa. Na ku nyumba hakuna muntu." Alishaanza, hakuweza kuishia hapo. "Hakuna. Naweza kumaliza siku tatu, sijasikia muntu anaita jina yangu."

Kicheko kikakatika. Kijana mmoja akajifanya anatazama simu yake, na simu yenyewe ilikuwa mbovu. Rachelle akaandika polepole, akapiga muhuri, akamrudishia redio na karatoni yake. Akaita namba inayofuata. Mtu mwenye pasi akasogea, nafasi ya Tata Kisimba ikajaa.

Wiki ile ilikuwa mbaya, sitaki kuwaficha. Asubuhi hazikuwa na taarifa ya habari wala wimbo. Jumapili alikwenda misa, akaitikia sala na wenzake, na baada ya hapo hakufungua kinywa tena. Alhamisi akaamka, akavaa shati la mikono mirefu, akapiga viatu rangi, na alipokuwa anatafuta karatoni ndipo akakumbuka. Akatoa kiti barazani. Akakaa na viatu vyake vinavyong'aa, akingoja siku iishe.

"Hodi!"

"Karibu," akasema, na sauti ilitoka imekwaruza kwa kukosa kazi.

Alikuwa Mama Odile, mikono mitupu, ila karatasi moja iliyokunjwa.

"Rachelle ameniambia numero ya nyumba. Televizio ile ilikufa kabisa, tata. Nataka kununua ingine, ku duka ingine. Nimebaambia bangojee, sitatoa hata franka mbele avocat yangu asome garantie yabo." Akamnyoshea karatasi. "Safari hii unisomee mbele ya kununua. Ile ya kusomewa nyuma ya kununua, kisha nalia, nimeichoka."

Tata Kisimba aliingia ndani kutafuta kiti cha pili, akazunguka vyumba vyote viwili. Hakikuwapo, viti vilichukuliwa na wakwe baada ya msiba wa Domitille. Basi akampa mgeni kile chake, yeye akaegemea ukuta, akavaa miwani.

"Soma yote," mama akasema. "Na maneno ya kidogo-kidogo ya chini."

Mzee akaifungua karatasi, akaigeuza nyuma, nyuma ilikuwa nyeupe. Akaanza juu kabisa, kwenye jina la duka, akasoma mtaa, akasoma mpaka namba ya simu, tarakimu kwa tarakimu. Alisoma polepole kadiri alivyoweza, maana ulikuwa ukurasa mmoja tu.