Malkia Asiyetulia Nyumbani

Wenceslaus, fundi cherehani wa Kilosa mjini, alikuwa na ugonjwa mmoja katika sataranji: hakuweza kumwacha malkia wake atulie nyumbani. Alikuwa akicheza mtandaoni, simu ameiegemeza kwenye cherehani, na kabla kete nyingine hazijapiga hata miayo, malkia keshatoka mbio kumsaka mfalme wa watu. Akikutana na asiyejua mchezo, alishinda kwa hatua nne na mtaa mzima ukajua. Akikutana na anayejua, malkia aliliwa mapema, na hapo Wenceslaus alimwambia mkewe, Agatha, "Mtandao wa leo mbovu sana."

Aliyemnyima raha hasa alijiita Mchoma Mikumi. Alimfunga mara kumi na nne mfululizo, na kila mara alimwandikia neno moja tu: "Pole." Ile pole ilimuuma kuliko kipigo chenyewe.

"Huyu si mtu, ni kompyuta," alimwambia Agatha. "Nakwenda Mikumi nikamuumbue."

Jumamosi akapanda basi la asubuhi. Njia nzima alipanga maneno ya kumtolea huyo tapeli, tena makali. Alipofika akaulizia mcheza sataranji, wakamwelekeza kwenye banda la nyama choma kando ya barabara kuu. Akaingia kifua mbele. Nyuma ya jiko alisimama mama wa miaka sitini na ushee, koleo mkono huu, simu mkono ule.

Maneno yote yakamkauka. Adabu ni adabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nikukatie mbuzi au kuku?"

"Namtafuta... anayejiita Mchoma Mikumi."

Mama akamtazama kuanzia viatu hadi kofia. "Kumbe wewe ndiye Simba wa Kilosa?"

Ndilo jina alilolitumia mtandaoni. Mbele ya wateja sita, likasikika kama la mtu mrefu zaidi.

Mama huyo, Bi Gaudiosa, akamkalisha na kutoa ubao wa sataranji ulionata mafuta pembe zote. Hatua ya pili tu, Wenceslaus akamgusa malkia. Koleo likagonga meza, pa!

"Rudisha! Farasi wako wako wapi?"

"Bado wamelala, mama."

"Waamshe. Mwenye nyumba hatoki kugombana na majirani wakati vijana wake wako kitandani. Mimi sina akili nyingi, mwanangu. Nasubiri tu uniletee malkia, nawe unaniletea kila siku."

Hadi alasiri koleo lilikuwa limegonga mara tisa.

Kesho yake, ili asisahau, aliandika kwa chaki ya kushonea: FARASI KWANZA. Bahati mbaya aliandika juu ya kitambaa kilichokuwa mezani, na kitambaa chenyewe kilikuwa gauni la mteja wake, Joyce, la kwendea harusini. Joyce alilivaa kwa haraka, na wageni huko Chanzuru wakausoma mgongo wake kabla bibi harusi hajaingia. Wenceslaus aliomba radhi mara tatu, akalifua gauni kwa mikono yake mwenyewe.

Wiki zikapita. Bado alifungwa, ila sasa alifungwa polepole. Zamani mchezo uliisha chai ikingali moto. Siku hizi chai ilipoa hadi ikaota utando.

Alhamisi moja akakutana tena na Bi Gaudiosa mtandaoni. Malkia alitoka hatua ya kumi na tano, kwa heshima zake, farasi wakiwa mbele. Walipofika hatua ya sabini na mbili, ubaoni walibaki wafalme wawili peke yao, wanatazamana. Sare. Ujumbe ukaingia: "Nyama yote imeungua. Wateja wameondoka. Safi sana, mwanangu."

"Agatha! Agatha!"

Agatha akaja mbio, mikono ina unga. "Umeshinda?"

"Hapana!"

"Umefungwa?"

"Hapana!"

"Sasa unarukaruka nini?"

Wenceslaus akafungua mdomo aeleze, akacheka hadi machozi yakamtoka. Agatha akajifuta unga kwenye khanga, akavuta kiti karibu na cherehani.

"Hebu nioneshe, huyo farasi ndiye yupi?"