Alama kwenye Mikono ya Josepha

Asubuhi ile Loyce alimkuta mama mkwe wake na mabaka mapya. Yalikuwa juu kidogo ya viwiko, rangi ya zambarau, kila mkono manne upande wa nje na moja upande wa ndani. Mtu yeyote mwenye macho angesema hivi ni vidole.

"Yanauma, mama?"

"Wala," Bibi Josepha alijibu. "Hata sikujua yapo. Ngozi yenyewe siku hizi ni karatasi ya kufungia maandazi."

Afadhali yangeuma. Mtu akiumia hukumbuka alijikwaa wapi. Haya yalikuja kimya kimya, na kijijini kwao, mwaka ule wa 2014, kitu kilichokuja kimya kimya kilitafutiwa mwenyewe.

Wanawake wa kisimani walishaamua zamani. Bibi ananyonywa damu, na anayelala naye nyumba moja ni nani kama si mkwe wake? Ndiyo malipo ya kumtunza mzee wa watu hayo: umpikie, umwogeshe, kisha uitwe mchawi. Mume wa Loyce, Benedicto, alikuwa Kasulu mjini kwenye kazi ya uashi, akirudi Jumamosi kwa Jumamosi.

Na leo ilikuwa Jumamosi. Sylvesta, binamu yake Benedicto, alikuwa amemwita mganga wa kufichua wachawi, na angefika saa nne. Mwezi uliopita, ng'ambo ya bonde, mganga huyo huyo alimnyooshea kidole mjane mmoja, na nyumba ya yule mama ikachomwa kabla hajamaliza kujitetea. Loyce aliuona moshi akiwa shambani. Sasa alimaliza kumwogesha Bibi, akachukua kanga. Alimkausha mkwewe kwa kumgusagusa tu, maana aliogopa hata kumshika.

"Twende Kabanga hospitali, mama. Daktari akuangalie."

"Mwambie mume wako."

Benedicto alifika saa tatu, vumbi hadi kwenye nyusi. Hakumtazama mkewe. Alikwenda moja kwa moja mkekani kwa mama yake, akamsalimia kama Muha yeyote anavyomsalimia mzazi aliyemkosa wiki nzima: akamkamata mikono yote miwili juu ya viwiko, akaikaza, akaitikisa, akaipapasa, "Mwakeye, mama, mwakeye," mama akiitikia naye akikaza tena. Mwashi huyo, viganja vyake vimezoea kubeba mawe.

Loyce alisimama mlangoni na bakuli la uji, akiitazama mikono ile. Mama na mwana waliulizana habari za mvua na za maharage. Kabla uji haujapoa, chini ya ngozi ile nyepesi ulianza kujitokeza wekundu. Ukageuka zambarau. Manne nje, moja ndani.

"Baba Majaliwa," alimwita mumewe kwa jina la mtoto wao. "Weka vidole vyako hapo."

"Unasemaje?"

"Weka. Nakuomba."

Aliweka. Vikakaa sawasawa, kila kimoja mahali pake.

"Jana walikuja wa jumuiya ya kanisani, wakamsalimia hivyo hivyo," Loyce alisema. "Jumapili ni kanisa zima. Mnampenda, lakini ngozi yake imezeeka, haiwezi tena."

Benedicto aliondoa mkono upesi. Machozi yalimlenga, mwanaume mzima. "Mama, ni mimi?"

"Ni ninyi nyote," Bibi Josepha alisema. "Nikawakataze kunisalimia? Nitabaki na nini?"

Nje watu walishafika. Benedicto alitoka mbele, Loyce akamfuata. Sylvesta alisimama uani na watu kama kumi, na nyuma yao mganga alikuwa akifungua mfuko wake.

"Rudini majumbani," Benedicto alisema. "Mke wangu hana kosa. Alama zile ni za vidole vyangu. Mimi ndiye ninayemuumiza mama, nikimsalimia."

Loyce alishusha pumzi, ya kwanza tangu alfajiri.

Sylvesta alikuwa ameshanyoosha mikono amsalimie binamu yake. Akairudisha. Alivitazama viganja vya Benedicto, kimoja, kisha kingine, akarudi nyuma hatua moja, na watu wote wakarudi pamoja naye.

"Kumbe," alisema polepole, "wako wawili."